KUTAMBUA KAULI SI KUSOMA KITABU

Upo mchezo mmoja unaopendwa sana na wasomi waliofundishwa fasihi ya Kiingereza. Mmoja hutamka maneno machache, labda ya kufungulia riwaya au ya kuifunga, na wenzake hushindana kutaja: ni riwaya gani, ya mwandishi gani, na nani aliyeyasema. Anayejibu upesi husifiwa kwamba amesoma. Anayenyamaza huinamisha macho, na kwa muda wote uliobaki huogopa kufungua kinywa, hata yakija mambo ambayo yeye anayajua kuliko wote waliokaa pale.

Sisi tunaoandika makala hii tumeucheza mchezo huo. Tulipokuwa wanafunzi tuliandika kauli hizo katika madaftari, tukazikariri usiku, na asubuhi tukazitoa kama mtu atoavyo kitambulisho penye kizuizi cha barabarani. Yafaa tukiri pia kwamba baadhi ya vitabu ambavyo kauli zake tulizitambua bila kusita hatukuwa tumevisoma hata nusu. Alama tulizipata hivyo hivyo. Kwa hiyo makala hii ni uhakiki, na papo hapo ni kujikosoa.

Swali letu ni hili: Mtu anayetambua kauli mashuhuri za riwaya kuu za Uingereza ameelewa nini juu ya riwaya hizo, na juu ya jamii iliyozizaa? Jibu letu, ambalo tutalithibitisha kwa mifano, ni kwamba mara nyingi hajaelewa kitu. Na zaidi ya hayo, kauli ikishakatwa kutoka katika kitabu chake huweza kugeuzwa ikasema kinyume cha yale iliyokusudiwa kusema. Jambo hili lina historia yake, na wapo wanaofaidika nalo.

Chanzo cha mchezo

Mwaka 1855 yalitokea mambo mawili. Mjini London ulifanyika mtihani wa kwanza wa ushindani wa kuwachagua maofisa wa kwenda kuitawala Bara Hindi, na fasihi ya Kiingereza ikawa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa. Mwaka huo huo, katika mji wa Cambridge wa jimbo la Massachusetts huko Marekani, muuza vitabu John Bartlett alitoa chapa ya kwanza ya mkusanyo wake wa nukuu mashuhuri. Waingereza nao walikuja kutoa kamusi kubwa ya nukuu kutoka Oxford mwaka 1941. Hatusemi kwamba mambo hayo yalipangwa pamoja. Tunasema yalizaliwa na haja moja.

Makabaila wa zamani walitambulikana kwa ardhi na kwa ukoo. Hawakuhitaji mtihani. Lakini ubepari ulipokua, na dola ya kibeberu ilipohitaji maelfu ya makarani, mahakimu na walimu, ilihitajika alama nyingine ya kumtenga anayestahili kutawala na asiyestahili. Elimu ya fasihi ikawa mojawapo ya alama hizo. Sasa, riwaya ya kurasa mia tano haiwezi kupimwa kwa dakika moja, ila kauli moja yaweza. Ndipo kitabu kikavunjwa vipande vidogo vya kubebeka mfukoni, na thamani ya kipande ikawa katika kutambulikana kwake, kama sarafu ambayo hakuna anayeisoma maandishi yake maadamu inapokelewa dukani.

Kipimo hicho kilisafiri pamoja na ukoloni. Katika Afrika Mashariki wanafunzi wa sekondari walifanya mitihani iliyotungwa Cambridge, Uingereza, na mwanafunzi wa fasihi alijifunza mapema kujiuliza: maneno haya ni ya nani, na anamwambia nani? Tanzania ilipounda Baraza lake la Mitihani mwaka 1973 ilichukua hatua kubwa ya kujitawala. Lakini kuhamisha ofisi ya mitihani ni jambo moja, na kuhamisha kipimo kilichokaa kichwani mwa mwalimu na mwanafunzi ni jambo jingine. Ndiyo maana yafaa tuvifungue tena vitabu vyenyewe. Tutaona kwamba baadhi ya waandishi hao waliupinga mchezo huu kabla yetu.

Aliyeeleza farasi na aliyeishi na farasi

Tuanze na Charles Dickens. Riwaya yake ya Hard Times ilitoka mwaka 1854, baada ya yeye mwenyewe kwenda Preston mwezi Januari mwaka huo kuona mgogoro wa wafanyakazi wa viwanda vya pamba waliofungiwa milango na mabepari. Ufunguzi wake ni miongoni mwa zile kauli mashuhuri: tajiri mmoja, Gradgrind, anaamuru darasani kwamba watoto wasifundishwe kitu kingine chochote ila mambo yaliyothibitishwa. Hapo ndipo mcheza mchezo wetu anapokomea. Ametaja kitabu, ametaja msemaji, amepata alama.

Anayeendelea kusoma hukuta katika kurasa zinazofuata tukio ambalo, kwa maoni yetu, ni mashtaka makali dhidi ya mchezo wenyewe. Gradgrind anamwuliza msichana Sissy Jupe, ambaye humwita kwa nambari badala ya jina, aeleze farasi ni nini. Sissy ni binti wa mtu wa sarakasi. Amekulia kati ya farasi, baba yake kazi yake ni farasi. Anashindwa kujibu. Kisha anaitwa mvulana Bitzer, naye anamwaga sifa za mnyama huyo moja baada ya nyingine: hesabu ya miguu, aina ya chakula, idadi ya meno. Gradgrind anatangaza kwamba sasa msichana amejua farasi ni nini.

Ndugu msomaji, ni mara ngapi tumeliona darasa hilo? Mkulima aliyelima pamba miaka thelathini anaketi kimya mkutanoni, na kijana aliyehitimu juzi anaeleza pamba ni nini kwa maneno ya kitabuni. Hatumkejeli kijana huyo. Bitzer hakujifundisha mwenyewe kuwa Bitzer. Alitengenezwa na kipimo alichowekewa.

Dickens hakuiacha hoja yake njiani. Mwishoni mwa riwaya, Bitzer aliyekuwa hodari wa darasa amekuwa mtumishi wa benki, na anakuja kumkamata mtoto wa Gradgrind aliyeiba, kwa sababu anakitamani cheo cha mwizi huyo. Gradgrind anamsihi awe na huruma. Bitzer anamjibu kwa hesabu ya faida, kama alivyofundishwa. Na nani anayemzuia? Ni watu wa sarakasi, kwa msaada wa mbwa na farasi. Farasi wao aliyefunzwa kucheza anasimama njiani akicheza, hasongi mbele, na yule aliyeijua idadi ya meno ya farasi anakwama juu ya gari mpaka asubuhi.

Hayo hayamo katika kauli mashuhuri. Wala humo hamna udhaifu wa Dickens, ambao kada anapaswa kuuona: kiongozi wa chama cha wafanyakazi katika riwaya hiyo amechorwa kama mpiga kelele mwongo, na mfanyakazi mwema ni yule anayejitenga na wenzake. Mwandishi aliyaona mateso ya wafanyakazi lakini aliuogopa umoja wao. Kauli ya ufunguzi peke yake haiwezi kutufundisha uhodari wake wala woga wake.

Bakuli la uji lilikuwa la kikao

Mfano wa pili ni wa Dickens vile vile, nao labda ndio unaojulikana kuliko yote: mtoto Oliver Twist akiwa na bakuli mkononi, akiomba aongezewe uji. Kauli hiyo imekuwa mzaha. Watu wazima walioshiba huitumia mezani wakitaka sahani ya pili.

Riwaya ya Oliver Twist ilitolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1837 hadi 1839. Miaka michache kabla, mwaka 1834, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya mafukara. Shabaha yake ilikuwa kwamba mtu asiye na kazi asipewe msaada nyumbani kwake, bali aingizwe katika nyumba ya mafukara, na maisha ya humo yawe magumu kuliko maisha ya kibarua wa hali ya chini kabisa aliye nje, ili kila mtu aikimbilie kazi yoyote kwa ujira wowote. Njaa ya watoto wale ilikuwa sera, haikuwa ukali wa mpishi mmoja. Dickens anaitaja posho yao: uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa juma, na nusu ya mkate mdogo siku ya Jumapili. Anaeleza kwamba mabakuli hayakuhitaji kuoshwa, kwa kuwa watoto waliyakwangua kwa vijiko mpaka yakang'aa. Alijua alilokuwa akiliandika. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, baba yake alifungwa kwa ajili ya deni, na yeye akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu.

Sasa tazama jambo ambalo mzaha umelifuta. Oliver hakusimama kwa uamuzi wake. Watoto walikaa kikao. Walijadili njaa yao, wakapiga kura ya kumchagua atakayekwenda kwa bwana mkubwa baada ya chakula cha jioni, na kura ikamwangukia Oliver. Maneno mashuhuri aliyoyatamka yalikuwa maneno ya kikao. Alikuwa mjumbe. Baada ya kuyatamka alipigwa kwa upawa, halmashauri ya mabwana ikaarifiwa, yeye akafungiwa, na tangazo likabandikwa langoni kwamba yeyote atakayemchukua atapewa pauni tano.

Kwa nini dunia ya mabwanyenye inamkumbuka mtoto mmoja na kuwasahau waliomtuma? Kwa sababu mtoto mmoja aombaye huamsha huruma, na huruma huishia katika sadaka. Watoto wengi walioketi pamoja wakapiga kura ni jambo jingine. Hilo huanza kufanana na mgomo. Na hapa pia Dickens mwenyewe anatuangusha. Katika sura za mwisho Oliver anagunduliwa kuwa mtoto wa watu wenye nafasi, anapata urithi na mlezi tajiri. Wale wenzake wa kikao hatuwasikii tena. Msomaji wa kimapinduzi anapofunga kitabu hicho hana budi kuuliza: wale waliobaki na mabakuli yao, walikula nini siku ya pili?

Ndoa, mali na mwanamke aliyefungiwa juu

Zipo kauli mbili juu ya ndoa ambazo kila mcheza mchezo anazijua. Ya kwanza inaifungua riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, ya mwaka 1813. Inadai kwamba ulimwengu mzima umekubaliana juu ya haja ya mke aliyonayo mwanamume tajiri asiyeoa. Siku hizi huwekwa katika kadi za harusi kama maneno matamu.

Kumbe ni kejeli. Soma sentensi inayofuata na utaona kwamba majirani hawaulizi hata kidogo huyo mwanamume anataka nini. Wao wamekwisha kumhesabu kuwa mali ya mmoja wa mabinti zao. Soma sura zinazofuata na utajua sababu. Familia ya Bennet ina mabinti watano na haina mtoto wa kiume. Shamba lao, kwa masharti ya urithi, litakwenda kwa binamu wa kiume siku baba atakapofariki, na wanawake wote sita wataondoka nyumbani. Mwenye haja ya ndoa kwa hakika ni mwanamke asiye na ardhi. Charlotte Lucas, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, anamkubali mwanamume mpumbavu kwa sababu amehesabu, akaona kwamba hakuna njia nyingine ya kupata paa. Hiyo ndiyo hali ya uchumi iliyomo chini ya kicheko cha Austen. Ilipasa kungoja mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882 ndipo mwanamke aliyeolewa huko Uingereza akaanza kuhesabiwa na sheria kuwa mmiliki wa mali yake mwenyewe. Anayetambua kauli bila kuitambua kejeli ameuchukua upande wa majirani.

Kauli ya pili imo katika sura ya mwisho ya Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847. Mwalimu maskini Jane anamgeukia msomaji na kumwarifu kwa maneno machache kwamba ameolewa na Rochester. Husifiwa kuwa kauli ya mwanamke huru, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo: anayetenda katika sentensi hiyo ni yeye. Lakini uhuru huo umegharimiwa na nani?

Kwanza, Rochester alikuwa na mke. Jina lake Bertha Mason, mzaliwa wa Jamaika, aliyeolewa kwa mahari ya pauni elfu thelathini yaliyotolewa na baba yake kwa upande wa mume, kisha akafungiwa katika chumba cha juu kwa miaka mingi akiitwa mwendawazimu. Ndoa ya Jane iliwezekana baada ya Bertha kuichoma nyumba na kuanguka kutoka juu ya paa akafa. Pili, Jane alirithi pauni elfu ishirini kutoka kwa ami yake aliyekuwa mfanyabiashara kisiwani Madeira, na riwaya yenyewe inaeleza kwamba ami huyo alikuwa na uhusiano wa kibiashara na nyumba ya akina Mason wa Jamaika. Utajiri wa Jamaika ulitoka wapi? Ulitoka katika mashamba ya miwa na katika migongo ya Waafrika waliofanywa watumwa, ambao sheria ya kuwaacha huru ilianza kutumika mwaka 1834.

Mwandishi wa kike kutoka Dominika, Jean Rhys, aliichukua habari ya Bertha na kuipa riwaya yake nzima mwaka 1966, Wide Sargasso Sea. Hakuitambua kauli tu. Alisoma mpaka akamkuta mtu aliyefungiwa nyuma yake.

Waliopewa maneno na walionyimwa

Mfano wa nne unatugusa kwa karibu, kwani mahali pake ni mto Kongo. Joseph Conrad alisafiri huko mwaka 1890, wakati nchi hiyo yote ilipokuwa mali binafsi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, tangu 1885 hadi 1908. Riwaya yake fupi, Heart of Darkness, ilitoka gazetini mwaka 1899. Watu wengi wanakijua kilio cha mwisho cha Kurtz, wakala wa pembe za ndovu, anapokata roho. Hunukuliwa kama siri kuu ya moyo wa binadamu.

Lakini katika kurasa za mwanzo za kitabu hicho hicho wamo Waafrika waliofungwa minyororo shingoni, na wamo wengine waliotupwa chini ya miti wafe baada ya kazi kuwamaliza. Hao wana kilio gani mashuhuri? Hawana. Mwaka 1975, katika mhadhara alioutoa Marekani, Chinua Achebe alionyesha kwamba Waafrika katika kitabu hicho hawasemi maneno ya kueleweka ila mara mbili tu. Mara ya pili ni mtumishi anayetangaza kwa Kiingereza kilichovunjika kwamba Kurtz amekufa. Kauli hiyo nayo ikawa mashuhuri, mshairi T. S. Eliot aliiweka juu ya shairi lake la mwaka 1925. Kwa hiyo katika kitabu kizima juu ya Kongo, Mwafrika alipewa kauli moja ya kukumbukwa, nayo ni tangazo la kifo cha Mzungu.

Achebe alikuwa msomi aliyeweza kuzitambua kauli zote hizo. Tofauti yake na mcheza mchezo ni kwamba alihesabu pia wale walionyamazishwa. Hapo ndipo uhakiki unapoanzia.

Kondoo, punda na ukuta

Tumalizie na kitabu ambacho makada wengine hukikwepa na wapinzani wa ujamaa hukipenda mno: Animal Farm cha George Orwell, cha mwaka 1945. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967. Kauli yake mashuhuri ni ile amri moja juu ya usawa inayobaki ukutani baada ya amri saba kufutwa. Mabeberu waliitumia kama risasi. Filamu ya mwaka 1954 iliyotokana na kitabu hicho iligharimiwa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani, na mwisho wake ukabadilishwa.

Sisi hatuoni sababu ya kukiogopa kitabu hicho. Tunasema kisomwe chote, kwa sababu ndani yake mna somo juu ya kauli mashuhuri lililo bora kuliko mihadhara mingi. Kondoo walishindwa kuzikariri amri saba. Basi wakafupishiwa: amri zote zikawa msemo mmoja juu ya miguu minne na miguu miwili. Wakaupenda, wakauimba kwa saa nyingi. Kisha ukawa silaha. Kila ilipozuka hoja mkutanoni, kondoo walianza kulia msemo wao mpaka hoja ikafa. Mwishowe walichukuliwa pembeni kwa juma zima, wakarudi wakiimba msemo uliogeuzwa, bila kuona tofauti. Kondoo ndio mabingwa wa kutambua kauli katika riwaya hiyo.

Pembeni yao yupo Boxer, farasi mfanyakazi, aliyeweza kujifunza herufi nne tu. Na yupo Benjamin, punda aliyeweza kusoma sawa na nguruwe yeyote, lakini hakutaka kusoma kwa ajili ya wengine. Siku Boxer alipopakiwa garini, Benjamin alisoma maandishi ya ubavuni mwa gari kwa sauti, akawajulisha wenzake kwamba linakwenda machinjioni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma kwa faida ya umma, na alikuwa amechelewa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu anayejiona mwerevu kwa kutambua amri ya usawa na ajipime kwanza kwa punda huyo.

Na makada tujipime kwa kondoo. Ugonjwa huu haumo katika riwaya za Kiingereza peke yake. Wako ndugu wanaolinukuu Azimio la Arusha kila mkutano na hawajawahi kulisoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Masharti ya uongozi ya mwaka 1967 yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupata mishahara miwili, na kumiliki nyumba za kupangisha. Mwezi Februari mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama ilipokutana Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Yalilegezwa na kikao, hayakufutwa usiku na mtu mwenye ngazi na kopo la rangi. Twaweza kutofautiana juu ya uamuzi ule. Lakini kada asiyejua yaliandikwaje kwanza, yakabadilishwa lini, na kwa hoja gani, huyo hana msimamo juu ya jambo hilo. Ana msemo tu, na msemo waweza kubadilishwa akiwa anauimba.

Wajibu wetu

Wapo watakaosema: kwa kuwa fasihi hii ilitumika kama kizuizi cha ubeberu, basi itupwe. Hatukubaliani nao. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Anayetafsiri hana nafasi ya kuchagua kauli tamu na kuruka zilizobaki; kila neno lazima alibebe. Kazi hiyo ni kinyume kabisa cha mchezo wetu. Wako pia watakaosema kwamba kutambua kauli si dhambi, ni mlango wa kuingilia kitabuni. Kweli, yaweza kuwa mlango. Sisi tunawalaumu wanaosimama mlangoni maisha yao yote wakiwakagua wapitao.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika madarasa ya itikadi, katika vikundi vya kusoma na katika shule zetu, kila kauli mashuhuri, iwe ya riwaya ya kigeni au ya waraka wa Chama, iulizwe maswali manne. Nini kiliandikwa kabla yake na baada yake? Nani alimtuma msemaji, na analishwa na jasho la nani? Nani yupo pale naye hakupewa neno? Na leo inatajwa na nani, kwa faida ya nani?

Na tunapendekeza jambo moja dogo zaidi, ambalo halihitaji fedha wala kikao. Safari nyingine mchezo huu utakapoanzishwa barazani, na mmoja wetu akanyamaza kwa kutojua, aliyejibu asisifiwe mpaka awasimulie wenzake habari nzima ya kitabu, kwa Kiswahili, ili yule aliyenyamaza apate kuitolea hoja. Huenda ikaonekana kwamba yeye ndiye aliyeishi na farasi.